Neno Nililolisema Juu ya Beji ya Jilala

Ukiletewa beji ya vita usiishangae sura yake. Igeuze. Sura kila mtu anaweza kuiiga, mgongo wengi hawajali. Nawaambia ninyi mnaozunguka na detekta huko Geita na Bukombe, mnachimbua vitu vya wazee mkidhani ni dhahabu. Nawaambia na ninyi mlioweka meza sokoni Kagongwa, pale nilipokaa mimi kabla mama zenu hawajaolewa.

Mimi ni Minza, ila sokoni waliniita Mama Kwandu, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Shule nimeishia darasa la pili, maana baba alisema ng'ombe hawajichungi. Kusoma nasoma polepole, Kizungu sikijui kabisa. Lakini jina la mtu likiingia kichwani mwangu halitoki. Walioniletea vitu nawakumbuka wote, nani alileta nini, na mimi nilimwambia nini. Hayo ya mwisho ningependa niyasahau, nayo hayasahauliki.

Sikuanza na beji, nilianza na mchele. Siku moja mzee Machibya alikuja kununua mchele, akavua kofia kuukuu ajipepee, akaiweka mezani, akaondoka bila kofia. Ilikuwa na beji mbele. Baadaye akapita Bwana Karim, mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Mwanza. Akaiona beji, akaacha kuuliza bei ya mchele. Alinipa hela ya gunia zima kwa kile kijibati! Nikakibandua mwenyewe kwa kisu, nikampa. Jioni Machibya akarudi.

"Mama Kwandu, mbona kofia yangu ina tundu?"

"Panya, mzee."

"Panya wa Kagongwa wanakula shaba?"

Nilimpa nusu ya ile hela na debe la mchele juu yake. Alicheka mpaka akakohoa. Tangu hapo kila akipita mezani kwangu alishika kofia kwa mikono miwili, akisema, "Napita tu, mayu, mama yangu, napita tu." Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi hii, kwa kuuza kitu cha mtu.

Basi nikaanza kununua. Senti za tundu, bangili za shaba, vifungo vya mikanda, beji za waliokwenda vita vile vikubwa vya Mwingereza na Mjerumani, na baadaye za waliojitolea vita vya Kagera. Nilikuwa najua nini? Sikujua kitu. Kitu kikichafuka kwetu kinaoshwa. Bwana Karim aliposema atarudi mwezi ujao, nilichukua beji zangu zote nikazisugua kwa ukwaju na majivu, kama masufuria ya harusi, mpaka zikawaka. Nikazipanga juu ya kanga mpya. Bwana Karim alipoziona alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake nyeupe.

"Mama, umezifanya nini?"

"Nimeziogesha."

"Umezichuna ngozi!"

Hakununua hata moja. Nilichanganyikiwa. Sijawahi kuona mteja anayetaka uchafu. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba ule weusi wa kwenye mikunjo ni umri wake, na ukiutoa humwachii mnunuzi cha kuaminia. Hivyo beji ukiipata udongoni, maji na brashi laini, basi. Ukwaju weka kwenye uji.

Na asidi wekeni kwenye dhahabu. Shija, mtoto wa dada yangu, alipata beji na detekta yake huko nyuma ya Ushirombo. Mashine ililia, akachimba mpaka kiunoni, akatoa kitu cha njano. Wenzake wakaanza kumwita tajiri. Akaing'ata, akaisugua kwenye jiwe, akaidondoshea asidi kama wafanyavyo na dhahabu. Ikachemka povu la kijani. Hakukubali, akaongeza. Beji ilinifikia mikononi ikiwa na taji lililotoboka.

"Mama mdogo, hii karati ngapi?"

"Hii ni shaba, mwanangu. Ilikuwa na thamani mpaka jana."

Mtu wa huku kwetu akiona njano, akili yake inakwenda upande mmoja tu. Simlaumu. Mimi mwenyewe kuna kitu kimoja nilikipima kwa haraka kuliko Shija, na kilichotoboka hakikuwa shaba. Nitafika huko, naomba mnivumilie.

Aliyenifundisha ni fundi Sefu, sonara, mtu wa Tabora aliyehamia Kahama. Alikuwa na jicho moja zima na lingine la ukungu, na alisema lile la ukungu ndilo la kuangalia wateja. Aliniweka kwenye kigoda chake akanipa beji mbili zinazofanana.

"Ipi halali?"

"Zote."

"Geuza."

Nikageuza. Moja mgongo wake ulikuwa na sura ileile kwa kinyume, imebonyea, kama unavyoona nyuma ya karatasi iliyopigwa mhuri kwa nguvu. Hiyo imepigwa kwa chapa kiwandani. Nyingine mgongo wake ulikuwa tambarare na vitundu vidogo, kama uji wa mtama unapoanza kuchemka. Hiyo imemiminwa kwenye kalibu ya mchanga. Mtu amechukua beji ya kweli, ameikandamiza mchangani, amemimina shaba kwenye alama yake. Akaziweka mgongo kwa mgongo, na ile ya kumiminwa ikawa ndogo kwa unene wa ukucha. "Shaba ikipoa inajikunja," akasema. "Mtoto wa kalibu hamfikii mama yake." Nikajifunza pia kupitisha kidole ukingoni. Ya chapa inakwaruza, ya kumiminwa ni laini kama sabuni iliyotumika.

Siku hizi kuna ujanja mwingine. Wanamimina jana, wanazika kwenye samadi wiki tatu, inatoka na kutu ya kijani kama ya babu. Mabula wa Kahama aliniletea kumi na mbili za namna hiyo, nami nikazinunua, mzee mzima. Mjukuu wangu alipozinusa akauliza kwa nini beji za askari zinanuka zizi. Kwa hiyo nuseni. Msione haya.

Sasa ile ya kujua beji ya aliyejitolea na ya aliyekamatwa na watu wa mtemi akapelekwa kwa nguvu, hapo hata mimi mwalimu wenu nimepotea. Fundi Sefu alisema yenye utepe wa maneno chini ya majani ni ya waliojitolea. Bwana Karim alisema utepe ni wa kikosi tu, kujitolea hakuonekani kwenye shaba. Wote wawili waliapa, na wote wawili wamekufa. Mimi nilichagua kumwamini fundi Sefu siku za soko zuri na Bwana Karim siku za soko baya. Mkiniuliza leo, sijui.

Kwa miaka mingi neno hilo, sijui, nililionea aibu. Mwanamke mwenye meza hawezi kusema hajui, wateja watahamia kwa jirani. Ukiletewa kitu unasema: hii ya kweli, hii ya uongo, inayofuata. Ndivyo nilivyosema siku aliyokuja Holo.

Ilikuwa muda mfupi tu baada ya fundi Sefu kunionyesha zile beji mbili. Nilikuwa nimejaa elimu mpya, kifua mbele. Holo alikuwa mama wa makamo, mwembamba, ametoka kijiji cha upande wa Kolandoto. Alifungua pindo la kanga akanipa beji: taji juu, majani pande mbili, jani moja limekatika ncha, utepe wa maneno chini. Akasema ni ya mume wake, Jilala, aliyekwenda vitani mtoto wao akiwa hajaanza kutambaa. Hakurudi. Askari mmoja aliyerudi, Lubinza, ndiye aliyeileta, akasema, "Hii ni ya mume wako," akanywa maji, akaenda zake. Holo hakutaka kuiuza. Alitaka nimwambie tu kama ni beji ya askari kweli, maana kwa shemeji zake palikuwa na minong'ono.

Niligeuza. Mgongo tambarare, vitundu kama uji. Nikasema kwa sauti, maana watu walikuwa wamesimama: "Hii ya sokoni, mayu. Wamemimina mchangani. Askari hakuvaa hii."

Watu wakacheka kidogo. Kulikuwa na wa kijijini kwake pale, wauza mtama. Holo aliirudisha kwenye pindo, akafunga fundo, akafunga na la pili. Akanishukuru, "Wabeja, mwanangu." Akaondoka. Nami nikageukia mteja mwingine.

Ilipita kama miaka kumi. Nilikuwa kwa fundi Sefu, amezeeka, anapenda kuzungumza kuliko kufanya kazi. Akaniambia habari za baba yake, ambaye naye alikuwa fundi, na wakati wa vita aliishi karibu na kambi. Askari walikuwa wakipoteza beji, aliyekwenda gwaride bila beji aliadhibiwa, basi walimjia kwa kificho. Mwenzake anaazima beji yake, fundi anaikandamiza mchangani, anamimina, asubuhi yule wa pili anayo kofiani. "Baba alimimina nyingi," akasema. "Hizo zote zilivaliwa na askari wa kweli."

Nilishika kigoda. "Fundi, kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Siku ile hukuuliza."

Nilitaka kwenda Kolandoto. Sikwenda. Kwanza mvua, halafu mtoto aliugua, halafu nikajiambia Holo ameshasahau. Ninyi mnajua jinsi mtu anavyoweza kujidanganya, sina haja ya kueleza.

Sasa mwaka huu, nimeshaacha meza, nimekaa nyumbani napepeta karanga, akashuka mama mmoja kwenye bodaboda. Mzee kunizidi mimi kwa miaka michache, fimbo mkononi, mgongo umenyooka.

"Shikamoo dada," nikamwambia.

"Marahaba. Wewe ndiye Mama Kwandu wa beji?"

"Nilikuwa."

"Mimi ni Mbuke. Nimetoka Kolandoto tangu alfajiri." Akakaa, akanywa maji, akafungua kitambaa. Kabla hajamaliza kukifungua nililiona jani lililokatika ncha.

Nilimwangalia usoni. Holo mtupu.

Akanieleza shida yake. Mjukuu wake, Limi, amezaa mtoto wa kiume, ana miezi mitatu sasa. Mtoto analia usiku na mchana. Hospitali wamempima, wamesema mzima. Mnajua kwetu mtoto akilia hivyo wazee wanasema nini, anadai jina. Kuna mtu wa ukoo anataka aitwe. Mbuke alisema ni baba yake, Jilala, hana mwingine wa kumdhania, maana majina ya wengine wote yameshapewa watoto. Lakini mkubwa wa ukoo sasa ni Ngassa, mtoto wa mdogo wake Jilala, naye amekataa. Amesema Jilala hakwenda vitani, alikimbilia machimbo ya Geita akaoa huko, akatuma beji ya sokoni kumfunga mke macho. Jina la mtoro haliwekwi juu ya mtoto, mtoto naye atakuwa mtoro. Jumamosi wazee wanakaa, wakimaliza, jina litakuwa lingine, na Jilala hatatajwa tena kwa sababu Mbuke ndiye wa mwisho anayemtaja.

"Mimi nina miaka zaidi ya themanini," akasema. "Nikifa, nani atamtaja?"

Nikamwongezea maji.

"Mama aliwahi kuileta hapa Kagongwa. Kuna mama mmoja wa sokoni alimwambia ni ya uongo. Ukoo mzima ulipata habari kabla mama hajafika nyumbani. Siku mbili hakula." Akanigeukia. "Watu wanasema wewe unakumbuka majina yote ya soko lile. Ni nani huyo?"

Wajukuu zangu, nimeshawahi kukutana na simba barabara ya Ushirombo, akiwa upande mmoja na mimi upande mmoja. Sikuogopa hivi. Nilisema, "Nipe niiangalie."

Nikaipeleka dirishani. Vitundu vilevile. Ukingo laini. Ndogo kwa unene wa ukucha, nilipoilinganisha na ya chapa niliyojiwekea kumbukumbu. Ya kalibu, hapo sikukosea hata siku ile. Lakini ya kalibu ya nani? Ya fundi wa karibu na kambi, au ya tapeli wa mnadani? Nikakumbuka kitu kimoja: askari anasugua beji yake kila siku, miinuko yote inalainika, taji linakuwa kama kipele kilichopona. Nikapitisha kidole. Taji lilikuwa limelainika, majani yamelainika. Hii imevaliwa!

"Dada," nikasema, "hii imesuguliwa miaka."

"Ndiyo," akasema Mbuke. "Mama alikuwa akiisugua kwa kidole gumba kila Jumapili akitoka kanisani. Mpaka anakufa."

Nikakaa chini. Sasa nitajuaje kidole cha askari na kidole cha mke wake? Shaba inalainika vilevile. Niligeuza, nikageuza tena, nikatoka nayo juani, nikarudi nayo kivulini. Mara naiona ya kambini, mara naiona ya mnadani. Kichwa kilizunguka kama nimekunywa dawa ya mifugo. Nikamwambia Mbuke aniachie beji, nitakuja nayo mwenyewe Jumamosi, niseme mbele ya wazee. Akanishukuru mno, na kila shukrani yake ilinichoma. Jina la yule mama wa sokoni hakuliuliza tena, na mimi sikulitaja.

Jumamosi nilifika asubuhi, ng'ombe wameshakamuliwa. Wanaume walikaa kwenye vigoda, wanawake kwenye mikeka, mtoto analia ndani. Si kilio cha njaa, ni cha kulalamika, kama mtu anayegombana na karani. Ngassa mwenyewe ni mzee mnene, mcheshi, anayeongea huku amefumba macho. Alinikaribisha kwa michembe ya viazi vitamu na maziwa ya mgando.

"Mama Kwandu, karibu sana. Nimesikia wewe ukitazama shaba inakutajia jina la mama yake."

"Zamani ilinitajia. Siku hizi tumegombana."

Wakacheka. Beji ikapitishwa mkono kwa mkono. Kijana wake Ngassa, mwalimu, akatoa simu, akaipiga picha, akasema simu inajua kila kitu. Simu ikasema hiki ni kifungo cha koti la dereva wa treni. Akaigeuza, akapiga mgongo. Simu ikasema ni biskuti.

"Mpe maji huyo simu," akasema Ngassa. "Haya, Mama Kwandu. Ya kweli au ya uongo?"

Nilisimama. Nilikuwa nimepanga maneno njiani yote, na yote yakanitoka. Ningeweza kusema ya kweli. Nani angenibishia? Mbuke alikuwa ameinama mbele, mikono yote juu ya fimbo. Neno moja tu na ningemaliza kazi. Lakini ndivyo nilivyofanya mara ya kwanza, nilisema neno moja nikamaliza kazi.

"Kwanza nina la kusema," nikaanza. "Yule mama wa Kagongwa aliyemwambia Holo kwamba beji hii ni ya sokoni, ni mimi."

Ndani mtoto aliendelea kulia. Mbuke hakuinua kichwa.

"Nilijifunza jambo moja asubuhi, nikalisema mchana kana kwamba nimezaliwa nalo. Beji hii imemiminwa, hiyo ni kweli. Nikasema askari hakuvaa. Hiyo sikuijua. Baadaye nikaambiwa na fundi aliyenifundisha kwamba askari waliopoteza za kwao walimiminiwa kama hizi karibu na kambi. Nilikaa na habari hiyo miaka yote. Sikuja."

"Kwa hiyo ni ya askari," akasema Ngassa, amefumbua macho sasa.

"Sijui."

"Ni ya mnadani?"

"Sijui, mzee. Nimeitazama wiki nzima. Inaweza kuwa hiki, inaweza kuwa kile."

"Mayu, nimekuchinjia kuku yuko jikoni, nawe umetoka Kagongwa kuja kuniambia hujui?"

"Ndiyo."

"Mtu anapanda gari kuja kutojua!" Mmoja wa vijana akacheka, Ngassa akamtazama, akanyamaza.

Mbuke ndiye aliyesema, bila kuniangalia. "Mama alikuwa akikuita yule binti wa mchele. Alisema ulikuwa na uso mzuri. Hakukulaani." Akakaza mikono juu ya fimbo. "Mimi nilikulaani."

"Ulikuwa na haki, dada."

Ngassa akakuna kidevu. Alionekana kuchanganyikiwa kuliko mimi. "Baba yangu alimwita kaka yake mtoro mpaka anaingia kaburini," akasema polepole. "Sisi watoto tukimuuliza umejuaje, anasema, hata Kagongwa wamesema. Nami nimewaambia watoto wangu hivyohivyo, hata Kagongwa wamesema." Akanielekezea kidole, si kwa hasira. "Kumbe Kagongwa ni wewe peke yako?"

"Ni mimi peke yangu."

"Na kabla hujasema, sisi tulisema nini?"

Kisha mama mmoja mzee sana, mjane wa babu mdogo wa ukoo, aliyekuwa amejilaza ukutani mkekani nikidhani amesinzia, akasema: "Kabla ya hapo baba yako alikuwa akisema hatujui kaka yuko wapi. Alikuwa akilia akisema hivyo. Baada ya maneno ya sokoni ndipo akaacha kulia, akaanza kutukana. Kutukana kulimpunguzia."

Beji ilikuwa imemfikia tena Ngassa, ameiweka juu ya goti. Aliigeuza, akaitazama mgongo kama vile naye angeona kitu, akaigeuza tena.

"Basi hatuna neno juu yake," akasema mwisho. "Tulilokuwa nalo mwenyewe amekuja kulichukua. Hakuwa mtoro, hakuwa shujaa. Alipotea." Akawatazama wazee wenzake. "Mtoro hatumpi mtoto jina lake, hiyo haijabadilika. Lakini aliyepotea? Ng'ombe akipotea porini, tunafanyaje? Si tunamwita kwa jina lake mpaka sauti ikauke?"

"Tunamwita," wakasema.

"Basi aitwe."

Ninyi mtataka kujua beji ilikuwa nini hasa. Hata mimi nataka. Kuna mtu wa Mwanza ameniambia atanitafutia kitabu chenye picha, na kitabu hicho kimeandikwa Kizungu, sijui kitanisaidia nini. Nikiona taji lile kwenye ndoto ni la askari, nikiamka ni la mnadani. Ninachowaomba mnaoshika meza sasa ni kidogo tu. Mtu akiwaletea kitu, semeni mlichokiona, vitundu, ukingo, uzito, halafu mkifika pale msipopajua, simameni hapo hapo. Mteja akihamia kwa jirani, ahamie.

Limi akatoka na mtoto. Mtoto amekunja uso, mwekundu, ngumi mbili hewani, analia vilevile. Ngassa alimpokea, akampulizia maji usoni kama ilivyo desturi, akamwita jina mara ya kwanza. Nilitega sikio. Wote tulitega. Mtoto alinyamaza kidogo, tukatazamana, kisha akaanza upya, kwa sauti kubwa zaidi ya ile ya kwanza.

"Amekubali au amekataa?" Ngassa akauliza.

Kila mtu alikuwa na jibu lake, wakaanza kubishana. Mbuke hakubishana. Aliweka fimbo chini, akanyoosha mikono, akapewa mtoto. Kwetu mtoto akichukua jina la baba yako, naye unamwita baba. Mbuke aliachwa na Jilala hajaanza kutambaa, alikua kwa wajomba, hajawahi kuwa na wa kumwita hivyo. Alimwegemeza begani, akampigapiga mgongoni kwa kiganja kilichokauka.

"Baba," akamwambia, huku mtoto analia. "Baba, umechelewa."